Makaburi ya wazee wetu na miti iliyokuwa alama: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Novemba 2, siku ya Marehemu Wote, nilikuwa makaburi ya Kinondoni na shangazi, jembe na ndoo ya maji. Tulikwenda kumsafishia babu, aliyezikwa pale 1984. Miaka yote alama yetu ilikuwa mwarobaini: unaufuata, kisha kaburi la tatu upande wa barabara. Safari hii tumekuta kisiki, na makaburi mapya yamebanana hadi huna pa kukanyaga bila kumwomba marehemu radhi.

Tulizunguka karibu saa mbili. Shangazi akakumbuka kwamba baba aliandika jina kwa kijiti kwenye saruji mbichi, na herufi R ikatazama nyuma. Tukawa tunakwangua ukungu kwa kifuu, kaburi baada ya kaburi, mpaka R ile ikatokea. Shangazi aliketi pale pale akalia kama msiba wa jana.

Mzee wetu tulimkabidhi kwa mti! Hatukuwa na picha wala maandishi yoyote. Wenye wazee Kinondoni, kwenye viwanja vya parokia au kwingine, ninyi mnawatambuaje?

Mkazi wa Upanga: Pole sana, ndugu. Mti hukatwa, hata kaburi lenyewe huhama. Yale makaburi ya askari pale barabara ya Ali Hassan Mwinyi hayakuwa pale. Makaburi 660 ya Vita ya Kwanza ya Dunia yalitolewa Ocean Road mwaka 1968 kupisha barabara mpya. Sisi tumeandika ya kwetu kwenye daftari la ukoo, na mchoro wa njia.

Mama wa Pugu: Umenigusa. Huku misheni ilivamiwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, wamisionari watatu wakauawa. Tukija hija tunasimuliwa habari zao, kwa kuwa wenzao waliandika. Bibi yangu kalala huku huku chini ya mwembe, hana hata kibao. Wanangu hawalijui kaburi lake. Nimesoma habari ya R nikajisikia vibaya mno.

Mleta mada: Mama, kawaonyeshe wiki hii, mwembe ungali umesimama. Mimi Jumamosi narudi na rangi nyeusi. R naipaka hivyo hivyo ilivyo.