Kampuni za simu zikiungana, tuhesabu nini ili tujue kama ukiritimba umerudi?

Binti wa Chumbageni (aliyeuliza)

Wapendwa, ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika sheria ya ushindani, na sura yangu ya tatu inahusu kuungana kwa kampuni za simu. Nimekwama mahali pamoja, na ninaomba wenye uzoefu wanisaidie kufikiri.

Vitabu karibu vyote vinaanzia Marekani. Tarehe 1 Januari 1984, baada ya kesi iliyofunguliwa na Wizara ya Sheria mwaka 1974 na kumalizwa kwa maafikiano mwaka 1982, AT&T, kampuni iliyotawala biashara ya simu nchini humo, iliachana na kampuni zake za simu za mikoani, nazo zikapangwa upya kuwa kampuni 7 zinazojitegemea. Leo nikizitafuta hizo 7 sizioni, kwa sababu nyingi zimeishia ndani ya AT&T ya sasa na Verizon. Msomaji mwenye haraka atasema kwamba ukiritimba umerudi na hoja imekwisha.

Lakini nikiitazama Kenya ninakutana na kisa kinachoelekea upande mwingine. Februari 2019 Airtel na Telkom, zote mbili zikiwa nyuma sana ya Safaricom iliyokuwa na zaidi ya asilimia 60 ya laini za nchi nzima, zilitangaza kuunganisha biashara zao ili zipate nguvu ya kushindana. Mamlaka ya Ushindani iliridhia kwa masharti Desemba mwaka huohuo, kisha Agosti 2020 wahusika wakauacha mpango wenyewe. Hapo kuungana kulipendekezwa kuwa dawa ya ukubwa wa mmoja.

Ninapohesabu kampuni zilizobaki, visa vyote viwili vinafanana: zilikuwa nyingi, zimekuwa chache. Moyo wangu unaniambia havifanani hata kidogo, ila siwezi kuandika mbele ya msimamizi wangu kwamba moyo umeniambia. Kipimo sahihi ni kipi?

Fundi wa Waya, Dallas

Mwanangu, nimefanya kazi ya nyaya za simu kwa miaka mingi, na jibu langu linatoka kwenye nguzo na mitaro kabla ya kutoka kwenye vitabu. Usianze kwa kuhesabu kampuni. Anza kwa kuuliza ni njia gani ambayo kila mshindani hana budi kuipita, na ni nani anayeshika ufunguo wa njia hiyo. Ukiisoma historia ya Marekani kwa swali hilo, utaona kwamba njia hiyo ilikuwa waya wa mwisho, ule unaotoka kituo cha simu cha mtaani na kuingia nyumbani kwa mteja.

Kabla ya 1984 AT&T ilikuwa na huo waya, ilikuwa na laini za masafa marefu, na kiwanda cha vifaa, Western Electric, kilikuwa chake pia. MCI ilipotaka kuuza simu za masafa marefu ilibidi iombe kuunganishwa na waya wa mtaani uliomilikiwa na mpinzani wake. Msingi wa maafikiano yaliyosimamiwa na Jaji Harold Greene ulikuwa kumtenganisha mwenye waya wa mtaani na biashara ya masafa marefu, ili asiwe na sababu ya kumminya anayepita kwake. Kwa hiyo kampuni zile 7, yaani Ameritech, Bell Atlantic, BellSouth, NYNEX, Pacific Telesis, Southwestern Bell na US West, zilibaki kuwa wakiritimba kila moja katika eneo lake. Watu husahau jambo hili. Mgawanyo wa 1984 haukuua ukiritimba wa mtaani. Uliutenga tu, ukazuia usienee kwenye biashara ya jirani.

Kisha ikaja Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996. Makubaliano yaliyomo yalikuwa ya nipe nikupe: kampuni za mikoani zingeruhusiwa kuuza masafa marefu zikishawafungulia washindani mitandao yao ya mtaani, ikiwa ni pamoja na kuwakodisha vipande vya mtandao kwa bei iliyosimamiwa. Ilitarajiwa pia kwamba kampuni hizo ndugu zingevamiana, Bell Atlantic iingie kwa Ameritech, Ameritech iingie kwa Southwestern Bell. Hazikuvamiana, zilioana. Southwestern Bell, iliyokuwa imebadili jina na kuitwa SBC, iliichukua Pacific Telesis mwaka 1997, kampuni ya Connecticut mwaka 1998, na Ameritech mwaka 1999. Bell Atlantic iliichukua NYNEX mwaka 1997 na kuungana na GTE mwaka 2000, ndipo likazaliwa jina la Verizon.

Wakati wa Ameritech, Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho iliweka sharti kwamba SBC iingie katika masoko 30 nje ya eneo lake ikashindane na wenyeji. Nakuomba ulizingatie sana sharti hilo katika sura yako. Unaweza kuilazimisha kampuni ifungue ofisi katika mji wa mwenzake, lakini huwezi kuipa hamu ya kupigana na ndugu yake ambaye kesho huenda akawa mke wake.

Pigo la mwisho lilitoka mahakamani, na kwa kuwa wewe ni mwanasheria nitalieleza kwa utaratibu. Januari 2004, katika kesi ya Verizon dhidi ya Trinko, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kushindwa kumsaidia mshindani kama ilivyoagizwa na sheria ya 1996 hakuwi, kwa hali hiyo peke yake, kosa chini ya sheria ya kuzuia ukiritimba. Machi mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya Washington ilibatilisha sehemu kubwa ya kanuni zilizowalazimisha wenye waya kuukodisha mtandao mzima kwa washindani. Julai 2004 AT&T ya zamani, ambayo sasa ilikuwa inategemea waya wa kukodi ili kuwafikia wateja wa majumbani, ilitangaza kuacha kutafuta wateja wapya wa aina hiyo. Januari 2005 SBC ikatangaza kuinunua, na mwisho wa mwaka ilikuwa imeimeza na kujivika jina lake. BellSouth ilifuata mwishoni mwa 2006.

Tazama mfuatano huo: kwanza ufunguo wa njia ulirudishwa kwa mwenye nyumba, ndipo muungano ukaja. Muungano wa 2005 ulikuwa mazishi ya ushindani uliokwisha kufa mwaka mmoja kabla.

Mkaazi wa Kisauni, Mombasa

Nashukuru kwa maelezo ya Mzee wa Dallas, nami nitaongeza upande wa pwani yetu, ambako waya wa mwisho haukuwa na maana kubwa kwa sababu watu wengi waliruka moja kwa moja hadi kwenye simu ya mkononi. Kwetu njia ambayo kila mmoja hana budi kuipita ilikuwa ada ya muunganisho, yaani kile ambacho mtandao mmoja hulipa mtandao mwingine kila mteja wake anapopiga simu kwa mteja wa mwenzake.

Dada, hesabu yake ni hii. Kampuni yenye theluthi mbili za wateja hupokea simu nyingi ndani ya nyumba yake yenyewe, na simu hizo hazina ada ya kulipa nje. Kampuni ndogo, simu zake nyingi zinavuka kwenda kwa mkubwa, na kila dakika inamlipa mpinzani wake. Ada ikiwa juu, mdogo hawezi kuuza dakika kwa bei iliyo chini yake bila kula hasara. Mwezi Agosti 2010 mdhibiti wa Kenya aliishusha ada hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, na siku hizohizo Zain, ambayo baadaye ikawa Airtel, ikaipunguza bei yake hadi shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Sisi tuliokuwa tukipiga simu kwa kubana maneno tulianza kuzungumza kama watu. Idadi ya kampuni siku hiyo haikubadilika. Kilichobadilika ni bei ya mlango.

Baadaye mteremko huo ulikwama. Ada ilikaa kwenye senti 99 kwa miaka mingi, na mdhibiti alipotaka kuishusha hadi senti 12 kuanzia Januari 2022, Safaricom ilipinga mbele ya baraza la rufaa. Mwishowe ikawa senti 58 kuanzia Agosti 2022, kisha senti 41 mwaka 2024. Kwa maoni yangu mvutano huo wa senti una uzito kuliko habari zote za Airtel na Telkom, ijapokuwa magazeti yaliandika zaidi kuhusu hizo mbili.

Uwepo pia mlango wa pili katika tasnifu yako, nao ni fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wakala wa mtaani alikuwa amefungwa kwa kampuni moja, na ilikuwa hadi Julai 2014 ndipo kifungo hicho kilipoondolewa baada ya Airtel kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani. Huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba ilikuwapo Kenya tangu Aprili 2011, lakini wachache waliitumia. Mtu angehamaje na namba yake, ilhali pochi yake, deni lake na wateja wake wa dukani vyote vinabaki upande wa pili?

Binti wa Chumbageni (aliyeuliza)

Mzee wangu na kaka yangu, ahsanteni sana. Hilo la wakala limenigusa, kwa kuwa mama yangu ni wakala hapa Tanga na mezani kwake kuna simu nne, moja kwa kila mtandao. Millicom iliponunua hisa nyingi za Zantel mwaka 2015 ilikuwa tayari inamiliki Tigo, na mwaka 2022 zote mbili zikaenda kwa wawekezaji wakiongozwa na Axian. Novemba 2024 jina likawa Yas. Mama alibadilisha bango tu. Kwa kuwa Tanzania ilikuwa imeanza mapema kuruhusu fedha zitumwe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, tangu 2014 kwa baadhi ya kampuni na 2016 kwa Vodacom kujiunga, mteja wake hakujikuta amefungiwa kokote.

Nabaki na swali moja. Ikiwa kipimo ni mlango, je, nikiona milango iko wazi niseme kwamba kuungana hakuna madhara, hata zikibaki kampuni mbili?

Mchumi wa Kigali

Hapana, dada, usifike huko. Mlango ukiwa wazi unampa mgeni nafasi ya kuingia, lakini lazima awepo mgeni mwenye sababu ya kuingia kwa vurugu. Rwanda inatufundisha pande zote mbili. Mwaka 2018 Airtel iliinunua Tigo Rwanda, tukabaki na kampuni mbili za simu za mkononi. Wakati huohuo mtandao wa 4G ulikuwa mikononi mwa mwuzaji mmoja wa jumla, aliyepewa haki ya peke yake kwa ushirikiano na Korea, na kampuni zote zilinunua kwake. Wanaounga mkono walisema kwamba mtandao mmoja ungeenea haraka kuliko mitatu inayorudiarudia minara. Ulienea kweli, lakini wateja wengi waliendelea kutumia 3G, kwa sababu mwuzaji wa rejareja asiyemiliki kitu hana bei ya kuchezea. Kuanzia 2023, haki hiyo ya peke yake ilipokwisha kuondolewa, MTN na Airtel zilianza kuwasha 4G zao wenyewe.

Kuhusu idadi, linganisha miungano miwili ya Marekani. Machi 2011 AT&T ilitaka kuinunua T-Mobile kwa dola bilioni 39, Wizara ya Sheria ikafungua kesi Agosti, na Desemba mpango ukafa. AT&T ililazimika kumlipa mmiliki wa T-Mobile, Deutsche Telekom, fidia ya dola bilioni 3 taslimu, na T-Mobile ikapata masafa, yaani haki ya kutumia mawimbi ya redio yanayobeba simu za mkononi. Yule aliyenusurika, aliyekuwa wa nne na aliyetangaziwa kwamba hawezi kuishi peke yake, mwaka 2013 aliifuta mikataba ya miaka miwili iliyowafunga wateja, na wakubwa wakalazimika kumfuata. Hakuna kanuni iliyomwamuru. Njaa ndiyo iliyomsukuma.

Kisha T-Mobile huyohuyo akaungana na Sprint. Majimbo kadhaa yalipinga, Jaji Victor Marrero akaruhusu Februari 2020, na muungano ukakamilika tarehe 1 Aprili 2020. Ili idadi ya kampuni nne isipungue, wakubwa wa serikali waliitengeneza ya nne kwa mikono yao: Dish, kampuni ya televisheni ya setilaiti, ikauziwa chapa ya Boost ya Sprint pamoja na wateja wake wa malipo ya kabla, ikapewa haki ya kupita kwenye mtandao wa T-Mobile kwa miaka saba, na ikaahidi kujenga mtandao wake. Ndiyo maana ningekushauri uandike kuhusu masafa katika kila muungano utakaouchunguza, uonyeshe yalikuwa kwa nani kabla na yako kwa nani baada, kwa kuwa kampuni isiyo na masafa ni mpangaji hata ikiwa na bango kubwa barabarani. Masharti ya Kenya ya 2019 yalilitambua hilo, yakataka sehemu ya masafa ya Telkom irudi serikalini muda wake utakapokwisha.

Yaliyompata wa nne yule wa kutengenezwa unaweza kuyaweka mwishoni mwa sura yako. Agosti 2025 EchoStar, kampuni mama ya Dish, ilikubali kuiuzia AT&T leseni za masafa kwa takriban dola bilioni 23, na wateja wa Boost wakapangiwa kuhudumiwa zaidi na zaidi kupitia mtandao wa AT&T hiyohiyo.