Baba hasikii vizuri na manukuu ya runinga hayaonekani: naomba ushauri

Binti wa Umoja

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, pamoja na baba yangu, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 74, ambaye masikio yake yamekuwa yakipungua nguvu kwa takriban miaka miwili sasa. Runinga ndiyo iliyotuonyesha tatizo hilo kabla yeye mwenyewe hajalikiri. Zamani sauti ilikaa kwenye 18, ikapanda hadi 30, na sasa ni 60, hata jirani wa ghorofa ya juu amekwisha kutubishia mlango mara mbili. Alikuja kwa adabu, lakini alikuja. Taarifa ya habari ya saa moja ikimalizika, Baba huniuliza, "Wamesemaje kuhusu bei ya mbolea?" nami hutambua kwamba muda wote huo alikuwa akitazama midomo tu. Linaloniuma zaidi ni kwamba siku hizi anasema habari hazimpendezi tena, ilhali ndiye aliyetulea kwa kutuuliza mambo ya ulimwengu tukiwa mezani.

Mwezi uliopita nilinunua runinga ya inchi 43 katika Barabara ya Luthuli, na muuzaji akanihakikishia kwamba inaonyesha maandishi chini ya picha. Nilipofika nyumbani niliingia kwenye mipangilio, nikakuta mahali palipoandikwa "CC", nikawasha, lakini haikutokea hata herufi moja. Picha tunaipata kutoka kwenye king'amuzi kilichounganishwa kwa kebo ya HDMI. Je, runinga ina kasoro, au ni king'amuzi, au kuna jambo nisilolielewa? Tena, je, manukuu ya Kiswahili yanapatikana? Baba anakijua Kiingereza vizuri, ila Kiswahili ndicho anachokisoma bila kuchoka.

Fundi wa Pipeline

Dada, usiirudishe runinga dukani, kwani haina kosa. Manukuu husafiri ndani ya mawimbi pembeni mwa picha, na chombo kinachoyafungua mawimbi hayo ndicho kinachoweza kuyachora maandishi kwenye skrini. Kwenu chombo hicho ni king'amuzi. Kikishamaliza kazi yake, hupitisha kwenye kebo ya HDMI picha na sauti zilizokwisha kutengenezwa, wala manukuu hayavuki yakiwa peke yake. Ni kama barua iliyofunguliwa na kusomwa mlangoni: aliye chumbani hupata alichosomewa, basi. Kwa hiyo unaweza kuwasha maandishi ya runinga usiku kucha na usione kitu.

Kuhusu "CC", yaani "closed captions", manukuu ya kuwasha na kuzima, huo ni mfumo wa Marekani, ambako sheria iliyopitishwa mwaka 1990 ililazimisha kila runinga ya inchi 13 na zaidi iwe na saketi ya kuyafungua maandishi hayo kuanzia mwaka 1993. Sisi Kenya mawimbi ya minara yetu ni ya DVB-T2, yaani mfumo wa runinga ya kidijitali ya antena, ambao manukuu yake ni ya namna nyingine, na kwenye menyu huitwa "Subtitle". Chukua rimoti ya king'amuzi, si ya runinga, utafute kitufe kilichoandikwa "SUB" au "SUBTITLE". Ukikibonyeza, itatokea orodha ya lugha, au utaambiwa kwamba hakuna. Ukiambiwa hakuna, tatizo haliko nyumbani kwako, bali ni stesheni hiyo isiyoyatuma.

Ikiwa runinga yako yenyewe inapokea DVB-T2 na ukachomeka antena moja kwa moja nyuma yake, basi runinga ndiyo itakayoyafungua mawimbi, na hapo kitufe cha rimoti yake kitakuwa na maana.

Mama wa Donholm

Ninaunga mkono maelezo ya fundi, ila ningependa usivunjike moyo utakapobonyeza kitufe hicho kwenye stesheni za humu nchini. Mimi nina upungufu wa kusikia katika sikio la kushoto, na kwenye king'amuzi changu nilizipitia stesheni zetu moja baada ya nyingine Jumapili nzima. Nilichokipata kilikuwa kwenye stesheni za nje tu, za filamu na za wanyama, nacho kilikuwa kwa Kiingereza. Yale maandishi ya Kiingereza unayoyaona kwenye michezo ya kuigiza ya Kiswahili ni sehemu ya picha yenyewe, hayawashwi wala hayazimwi, na wala hayakuwekwa kwa ajili ya asiyesikia. Yanatafsiri maneno, lakini hayakwambii kwamba mlango umegongwa au kwamba anayezungumza yuko nyuma ya pazia. Manukuu ya viziwi hukueleza hayo pia, ndiyo maana kwenye orodha ukikuta Kiingereza cha kawaida na Kiingereza cha wenye matatizo ya kusikia, umchagulie mzee hicho cha pili.

Mkalimani wa Ishara

Naomba niligusie hili la habari, maana ndilo lililomuumiza mzee. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, iliyotangulia sheria mpya ya 2025, ilivitaka vituo vya televisheni katika kifungu cha 39 viweke mkalimani wa lugha ya ishara au manukuu katika taarifa zote za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Tazama neno "au". Kituo kilichomweka mkalimani kwenye kona ya skrini kilikuwa kimetimiza wajibu wake, nami ninaijua thamani ya kona hiyo kwa sababu nimesimama humo. Lakini mtu aliyepoteza usikivu uzeeni hakujifunza lugha ya ishara, na mikono yangu haimwambii lolote. Viziwi waliokulia katika ishara na wazee waliokulia katika sauti ni watu wawili tofauti, na kila mmoja anahitaji chake.

Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Kwa baba yako njia hiyo ni maandishi. Kiandikie kituo anachokipenda, utaje kipindi na saa yake, na usipojibiwa umwandikie msimamizi wa utangazaji, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Barua kutoka kwa mwana wa mtazamaji ina uzito wake.

Kijana wa Rongai

Wakati mnasubiri jibu la barua hiyo, kuna njia ya simu. Huduma ya Google ya kuandika kwa sauti imekuwa ikipokea Kiswahili tangu mwaka 2017, na kuna programu za bure zinazosikiliza mazungumzo na kuyaandika papo hapo. Mimi humwekea babu simu karibu na spika ya runinga, si kwenye meza ya katikati, kwa sababu pale inachukua pia maongezi yetu na kelele za matatu. Msomaji wa habari aliyetulia huandikwa vizuri. Wabunge wawili wakigombana, huandikwa vurugu. Majina ya watu na ya mitaa pia hukosewa, kwa hiyo mweleze mzee mapema.

Kwa vipindi vya intaneti, usiyaache manukuu kama yalivyo. Herufi nyeupe hupotea mtangazaji akivaa shati jeupe. Chagua rangi ya njano juu ya kisanduku cheusi na uongeze ukubwa, kisha umkalishe mzee mahali pake pa kawaida aseme kama anaona. Usipime wewe ukiwa umesimama karibu na skrini.

Muuguzi

Kabla ya yote, je, masikio yamechunguzwa? Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, na daktari wa masikio, pua na koo huitoa kwa muda mfupi. Msiichokonoe kwa pamba. Ikiwa ni uzee, sauti nyembamba kama za "s" na "f" ndizo hutangulia kupotea, kwa hiyo mzee husikia kwamba mtu anazungumza lakini haelewi anachosema. Kuongeza sauti hakuzirudishi herufi hizo.

Binti wa Umoja

Ndugu zangu, nimewasoma wote na ninawashukuru kwa dhati. Daktari alitoa nta katika sikio moja, Baba akapata nafuu kidogo, na kipimo kamili cha usikivu ni wiki ijayo. Kitufe cha "SUB" kilikuwa kwenye rimoti ya king'amuzi muda wote, kikiwa kimefutika herufi. Kwenye stesheni za hapa hakuna kitu, kama alivyosema Mama wa Donholm, lakini katika kipindi kimoja cha wanyama maandishi yalieleza kwamba mbwa anabweka kwa mbali, na Baba akanigeukia akiwa ameshangaa: "Kumbe kuna mbwa?"

Simu tumeiweka kando ya spika kwa ajili ya habari za saa moja. Iliandika "mbolea" sawasawa, ikaharibu jina la waziri, na Baba akachukua kalamu nyekundu akaliandika ipasavyo kwenye daftari lake. Sauti ya runinga iko kwenye 25. Barua kwa kituo tunaiandika sote wawili, naye ndiye anayesahihisha.

Limebaki swali moja: stima ikipotea na kurudi, manukuu ya king'amuzi hujizima, na Baba hakumbuki kitufe. Nifanyeje?

Fundi wa Pipeline

Usitumie kitufe. Ingia kwenye menyu kuu ya king'amuzi, kwenye mipangilio ya lugha, uweke lugha ya manukuu humo na uwashe sehemu ya wenye matatizo ya kusikia ikiwa ipo, kisha uhifadhi. Kwa ving'amuzi vingi nilivyovishughulikia, kinachowekwa kwenye menyu hubaki hata stima ikikatika. Halafu kata kipande cha plasta nyeupe, uandike "MAANDISHI" kwa kalamu ya wino mzito, ukibandike chini ya kile kitufe kilichofutika.