Ulinganisho: DAC ndogo ya kuchomeka kwenye simu kwa ajili ya hedifoni ya waya, nichukue ipi?

MwanaChumbageni:
Wakuu, salaam kwenu. Wiki ijayo ninasafiri kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, na nimekusudia kurudi na DAC ndogo, yaani kile kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali wa simu kuwa sauti ya hedifoni, kwa sababu simu yangu haina tundu la hedifoni na nimechoka kusikiliza muziki kwa spika yake. Nimebaki na mbili za kuchagua: adapta ya Apple ya USB-C, ambayo ni ya bei nafuu, na FiiO KA3, ambayo inaiacha mbali sana kwa bei. Naomba wenye uzoefu wanieleze kama tofauti ya sauti inalingana na tofauti ya fedha.

FundiNgamiani:
Karibu, ndugu. Kwa hali ilivyo, swali lako halijibiki. Hujataja simu, hujataja hedifoni, wala hujasema unasikiliza nini. DAC hizi ndogo zina kazi mbili: kwanza kuzigeuza namba za muziki kuwa umeme wa sauti, na pili kuupa umeme huo nguvu ya kuisukuma hedifoni. Kazi ya kwanza siku hizi hata kifaa cha bei ya chini kinaifanya vizuri mno. Ni ile ya pili inayotenganisha kifaa na kifaa, na hapo jibu hutegemea hedifoni uliyonayo.

BiRaskazone:
Naunga mkono. Utuambie pia bajeti yako, na unasikilizia wapi: chumbani usiku, au ndani ya basi?

MwanaChumbageni:
Ahsanteni sana. Simu ni Samsung Galaxy A54. Hedifoni ni Sennheiser HD 600 niliyoachiwa na mjomba wangu aliyekuwa baharia. Nasikiliza taarab ya zamani ya hapa kwetu, ya Black Star na Lucky Star, pamoja na CD ambazo nimezihamishia kwenye simu. Nasikilizia nyumbani, na bajeti yangu haizidi laki mbili.

FundiNgamiani:
Sasa tunaweza kuzungumza. HD 600 ina ukinzani wa omu 300, na hedifoni ya namna hiyo inahitaji volti za kutosha. Adapta ya Apple inaweza kutoa takriban volti 1, lakini kwenye simu nyingi za Android huishia kama nusu ya hiyo, kwa sababu simu haiufungui hadi juu udhibiti wa sauti uliomo ndani ya adapta yenyewe. Nusu volti kwenye omu 300 haifiki hata miliwati 1. DAC za daraja la KA3 hutoa karibu volti 2, yaani miliwati 13 hivi kwenye hedifoni hiyohiyo, na hiyo ni tofauti ya desibeli 12. Hapo sikio halihitaji kubembelezwa. Kama ungekuwa na hedifoni ya omu 32, ningekwambia uchukue ya Apple na fedha inayobaki uifanyie mengine.

KijanaMakorora:
Kaka, kwa heshima zote, mimi ningeachana na zote mbili nikachukua kipokezi cha Bluetooth kama FiiO BTR5. Kina betri yake ya miliampia-saa 550, hivyo hakili chaji ya simu, na simu inabaki mezani huku wewe ukitembea nyumbani bila waya kuning'inia kwenye tundu la chaji. DAC ya kuchomeka huifyonza simu, na huwezi kuchaji huku unasikiliza. Kinapokea LDAC ya Sony, njia ya kubana sauti ipite kwenye Bluetooth, ambayo hufika kilobiti 990 kwa sekunde, na ukitaka, kichomeke kwa waya nacho kinakuwa DAC kama nyingine.

BiRaskazone:
Mdogo wangu, CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa hiyo hata kwa kiwango hicho cha juu kuna kinachopunguzwa. Tena kiwango hicho hakidumu. Mawimbi yakiyumba, simu hushuka hadi 660 au 330 bila kukuarifu. Sisemi kwamba sauti ni mbaya, nasema tu kwamba aliyejipinda kuhamisha CD zake kwa uangalifu amtendee haki msanii hadi mwisho wa safari.

MsafiriPangani:
Kabla hamjafika mbali, naomba nieleze yaliyonikuta, kwa sababu huyu ndugu naye anakwenda kununua ugenini. Nilinunua adapta ya USB-C kwenye duka moja mjini, na muuzaji alinihakikishia kwamba ina DAC ndani na inakubali simu zote. Nilipoichomeka nyumbani, simu ilikaa kimya kama haikuguswa na kitu. Muziki uliendelea kutoka kwenye spika. Nikaenda kwenye mipangilio nikawasha OTG, yaani uwezo wa simu kuendesha vifaa vya USB, maana simu yangu ni ya aina ambayo OTG hujizima yenyewe isipotumika kwa dakika chache, lakini bado hapakuwa na sauti. Nikaijaribu kwa simu ya kaka yangu: kimya vilevile. Jirani yetu fundi wa redio aliipasua kwa wembe mbele yangu, akanionyesha nyaya nne nyembamba zilizolehemewa moja kwa moja kutoka plagi hadi tundu, bila chipu yoyote katikati. Adapta za namna hiyo zinategemea simu itoe sauti ya umeme yenyewe kupitia USB-C, na simu nyingi hazifanyi hivyo. Niliirudisha dukani, muuzaji akakataa kuipokea kwa kuwa pakiti ilikuwa imechanwa, kana kwamba inawezekana kuijaribu bila kuichana. Nilipigwa changa la macho mchana kweupe. Ndugu, nenda na simu yako na hedifoni yako, uchomeke palepale kaunta, usikie sauti kwa masikio yako ndipo utoe fedha.

KijanaMakorora:
Pole sana, mkuu. Hilo la adapta tupu linawakuta wengi.

BiRaskazone:
Mimi nina la kuongeza kuhusu muziki wenyewe, kwa kuwa taarab ya Tanga naijali mno. Rekodi nyingi za Black Star na Lucky Star tulizonazo leo zimetoka kwenye kanda, zikapita mikono kadhaa, zikaishia kuwa faili zilizobanwa. DAC nzuri haitarudisha kilichopotea huko. Mvumo wa kanda utausikia waziwazi zaidi kuliko mwanzo. Hata hivyo gitaa la umeme na besi, vitu ambavyo taarab ya kwetu ilijitofautisha navyo, vitakaa mahali pake, na sauti ya Shakila itasimama mbele ya ala bila kumezwa nazo. Jambo jingine ni kwamba HD 600 iko wazi nyuma, haizuii kelele. Msimu wa kaskazi, madirisha yakiwa wazi na feni ikizunguka, utasikia feni na bajaji pamoja na muziki wako, na hakuna DAC itakayoliondoa hilo.

FundiNgamiani:
Dada umesema kweli. Lakini kwa zile CD zake kuna suala la Android. Kwa kawaida mfumo huo huibadilisha sauti ya CD, iliyopimwa mara 44,100 kwa sekunde (kilohezi 44.1), kuwa kilohezi 48 kabla ya kuipeleka kwenye USB. Programu ya USB Audio Player PRO huukwepa mfumo huo na kuipeleka sauti kama ilivyo. Programu hiyohiyo inaweza kuufungua udhibiti wa sauti wa ndani ya adapta ya Apple, ikapanda hadi volti yake kamili. Ila faida hiyo ni kwa muziki unaopigwa ndani ya programu hiyo tu, haivuki kwenda YouTube.

KijanaMakorora:
Fundi, wakati wa kubadilisha 44.1 kuwa 48 sikio la nani linalosikia? Isitoshe, tangu Android 14 mfumo wenyewe unaruhusu sauti kupita bila kuguswa, ilimradi programu na kifaa vikubaliane.

FundiNgamiani:
Ubadilishaji ukifanywa vizuri, kweli ni vigumu kuusikia. Kama fedha haimtoshi, aanze na nguvu ya kifaa, programu itafuata baadaye.

MsafiriPangani:
Na chochote atakachochukua asikiache dirishani. Upepo wa bahari hula plagi. Yangu ya zamani ilifanya ukijani kwenye ncha, ikawa inakatakata sauti. Mfuko wa nailoni wenye kifuniko kinachobana unatosha kuikinga.

MwanaChumbageni:
Nawashukuru nyote. Ya Apple nimeiweka kando, ila sasa BTR5 imenichanganya, maana kuchaji simu huku nasikiliza nakuhitaji kweli. Swali moja: KA3 ina tundu la milimita 4.4 pia, mbali na lile la kawaida la 3.5. Je, ninunue na waya wa 4.4 kwa ajili ya HD 600?

FundiNgamiani:
Waya wa HD 600 hutoka, kwa hiyo inawezekana, na tundu hilo lina nguvu zaidi. Lakini tuambie kwanza: waya ulio nao unaishia na plagi ya milimita 3.5, au ile nene ya 6.3? Kama ni ile nene, tafuta adapta yenye waya laini mfupi, usichukue ya chuma kitupu, kwa sababu uzito wake utalivunja tundu la DAC ndogo kabla hujaufaidi muziki.