Mlima Kenya ulikuwa volkano kweli?

Mwana wa Kibokoni:
Jamani, nimerudi kutoka Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, na jiwe jeusi lenye chembe nyeupe kubwa. Mimi nimezoea mawe ya matumbawe; ukuta wetu hapa una makombe ndani. Lakini kama mlima ule ulitema moto, mbona kileleni hakuna shimo?

Mwalimu Mstaafu:
Lilikuwepo, yakhe. Volkano kuu ilizimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, barafu ikaitafuna. Vile vilele viwili vikuu, Batian (mita 5,199) na Nelion, ni kizibo: lava iliyogandia kooni, ngumu kuliko majivu na miamba iliyoizunguka. Vile laini vikaondoka, koo likabaki. Jiwe lako huenda ni kenaiti, limepewa jina la mlima wenyewe. Lipo hata Mlima Erebus, Antaktika. Chembe ni feldispa, aina ya madini, zilikua polepole chini kabla lava haijatoka. Nilikuwa nalo moja mezani nikifundisha huko Tudor, watoto wakadhani halua ya lozi.

Bi Mkubwa wa Likoni:
Na Kilimanjaro?

Mwalimu Mstaafu:
Kibo, kilele chake, ni changa zaidi, bibi. Shimo lake lingalipo.

Mwana wa Kibokoni:
Shukran maalim. Mama ashaliweka mlangoni, lazuia mlango usibamize.