Karoti zinavutwa kutoka chini, miche ya kabichi inakatwa usiku: huyu ni panya kweli?

Mkulima wa Jioni:
Habari za humu wakuu. Niko Arumeru, huku juu kwenye miteremko ya Meru. Nina kibustani nyuma ya nyumba: karoti, kabichi na chainizi kidogo ya kula. Karoti zinaliwa na kitu nisichokiona. Asubuhi nakuta majani yamelegea, nikiyashika yanakuja yenyewe, chini kimebaki kichwa tu cha karoti. Juzi mchana kweupe, upepo hakuna, nimeona shina linatikisika halafu likazama nusu. Mke wangu kasema hapo haingii tena kuchuma mboga.

Kwenye kabichi ni tofauti. Mche umekatwa pale unapotokea ardhini, umelala palepale, haujaliwa.

Dukani nimeuziwa dawa ya panya ya unga mweusi, nimeambiwa nichanganye na pumba nimwage bustani nzima. Kuku wangu wanashinda humohumo, ndiyo maana nauliza kwanza.

Chalii wa Ngaramtoni:
Panya hao mkuu. Fuga paka, kesi imeisha.

Mama Vitalu:
Paka gani atavuta karoti kutoka chini, wewe naye!

Mwanangu wa Arumeru, dawa hiyo usiimwage. Una wezi wawili na panya hayumo. Anayezamisha karoti ni fuko. Zunguka kando ya matuta, utaona vilima vya udongo mbichi, laini, visivyo na tundu juu. Panya anaacha tundu wazi na kinjia kilichokanyagwa. Fuko anaziba nyuma yake. Kuhakikisha, chimba kati ya kilima na kilima mpaka ukute handaki, liache wazi, nenda kafanye mengine. Hapendi hewa wala mwanga. Ukirudi ukakuta pamejazwa udongo, yumo. Na kwa kuwa anakula mizizi hukohuko chini, pumba ya juu ataila kuku.

Mtego wake ni wa fito. Fito mbichi unaichomeka ardhini na kuipinda, nchani unafunga kamba yenye tanzi, tanzi unalitandaza likizunguka ukuta wa handaki. Kisha uzi mwembamba unakatiza katikati ya njia, huo ndio unaoishika fito isifyatuke. Fuko akija kuziba anakuta uzi umemkingia, anaukata kwa yale meno yake ya njano, fito inaruka, tanzi linambana kiunoni. Huku kwetu wapo vijana wa kazi hiyo, unawalipa kwa kila fuko wanayekuletea mkononi. Na anaishi peke yake: ukimtoa huyo, handaki linatulia, labda mwingine aje kurithi.

Kabichi ni sota. Fukua kwa kijiti kuzunguka mche uliolala, kina cha kidole tu. Utakuta kiwavi mnene wa kijivu, ukimgusa anajikunja duara. Mkanyage. Miche iliyobaki ivishe vipande vya chupa ya maji iliyokatwa juu na chini, vizame kidogo kwenye udongo.

Mzee wa Makambako:
Mama kamaliza. Niongeze kwa wengine watakaosoma. Majani yaliyokatwa mshazari, safi kama kwa wembe, na vinyesi vya duara vikavu pembeni, ni sungura pori. Huyo dawa yake wavu, ila uuzike ardhini kama sentimita 30, la sivyo anapita chini. Nyanya yenye alama za meno mawilimawili, hapo sasa ndiyo panya. Matundu ya ovyo kwenye majani na ute unaong'aa asubuhi ni konokono. Maboga yametafunwa na kuna mwiba wenye rangi mbili, nyeusi na nyeupe, basi nungunungu kapita.

Halafu bundi muacheni jamani. Kila siku tunampiga mawe eti analeta kifo, na huyo ndiye anayekula panya usiku kucha bila mshahara.

Mkulima wa Jioni:
Mama Vitalu, shikamoo. Nilifungua handaki asubuhi, jioni nimekuta limejazwa na kushindiliwa. Sota nao nimewapata, wengine wawili wawili chini ya mche mmoja. Dawa nimeifungia stoo, juu. Swali: fito ya mti gani? Na utupa je? Jirani ananiambia nipande kuzunguka bustani, fuko atahama.

Mama Vitalu:
Marahaba. Mti wowote mbichi unaopindika bila kuvunjika, unene wa kidole gumba. Mkavu utakukatikia. Ukilitega tanzi, funika tundu kwa majani na udongo kidogo, ubakize upenyo wa hewa kuingia, maana hewa ndiyo inayomwita.

Utupa wengi wanauamini. Mimi ninao mpakani na fuko anapita hapohapo chini yake. Ukiupanda, majani yake usiyatupe kwenye mfereji: watu wa zamani walivulia samaki kwa sumu yake, na huko chini yenu kuna watu wenye mabwawa ya samaki.

Chalii wa Ngaramtoni:
Kwa hiyo paka wangu nimpeleke wapi?