2147483647: ni bahati tu kwamba ni namba tasa?

fundi_wa_mtwara: Wakuu, salamu. Natunza mfumo wa hesabu wa chama kimoja cha ushirika wa korosho huku Mtwara. Jumla ya malipo ya wakulima ilipofika shilingi bilioni 2.3, mfumo ukaandika 2,147,483,647 na kugoma hapo hapo. Sababu naijua: namba inaandikwa kwa biti 32 (nafasi za 0 au 1), moja ni ya alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, kwa hiyo kikomo ni 2^31 − 1 (2 ikizidishwa mara 31, ukatoa 1). Nimeshahamishia kwenye biti 64. Ila namba yenyewe imenikaa kichwani. Nimeitafutia vigawo kwa programu, haina hata kimoja zaidi ya 1 na yenyewe. Kikomo cha kompyuta kuwa namba tasa ni bahati tu?

mwl_hisabati: Si kila kikomo, kijana wangu. Cha biti 16 ni 32,767, yaani 7 × 31 × 151. Hicho cha biti 64 ulichohamia, 2^63 − 1, kinagawanyika kwa 7. Tazama kipeo, ile namba iliyo baada ya alama ya ^. 15 ni 3 × 5, basi 2^15 − 1 lazima igawanyike kwa 2^3 − 1 na kwa 2^5 − 1, ndiyo hizo 7 na 31. Kipeo kisipokuwa tasa, namba haiponi. 31 ni tasa, kwa hiyo yako imevuka kizingiti hicho. Lakini haitoshi: 11 nayo ni tasa, na 2^11 − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89.

fundi_wa_mtwara: Shikamoo mwalimu. Sasa kabla ya kompyuta nani aliithibitisha?

mwl_hisabati: Marahaba. Ni mwanahisabati Euler, mwaka 1772, akiwa St. Petersburg na macho yake karibu yamezima kabisa. Hapa ndipo ninapompenda. Kipeuo cha pili cha namba hii ni 46,340 na ushei, na chini yake kuna namba tasa zaidi ya 4,700 za kujaribu. Yeye hakuzijaribu zote. Tuseme p ni namba tasa inayoigawa. Basi 2^31 ukiigawa kwa p inabaki 1, na baki za vipeo vya 2 zinajirudia kila hatua 31. Mwanahisabati Fermat alishaonyesha kwamba 2^(p−1) nayo inabaki 1. Kwa hiyo p − 1 inagawanyika kwa 31, na kwa kuwa ni shufwa, inagawanyika kwa 62. Ukikaza zaidi, p ikigawanywa kwa 248 lazima ibakize 1 au 63. Namba za namna hiyo hadi 46,340 ni 373, na ukiondoa zisizo tasa hazifiki mia. Hakuna hata moja inayoigawa.

binti_wa_namba: Mwalimu, naomba kuuliza. 3 inatoa 2^3 − 1 = 7, 7 inatoa 127, na 2^127 − 1 ni tasa pia, mwanahisabati Lucas alionyesha mwaka 1876. Tukiiweka 2147483647 yenyewe kuwa kipeo cha 2 na kutoa 1, tutapata tasa tena?

mwl_hisabati: Hapana, mfululizo unakatika hapo, binti yangu. Ile dawa ya Euler inafanya kazi hapo pia: kigawo lazima kiwe 2 × k × 2147483647 + 1. Weka k = 68,745 utapata 295,257,526,626,031, na hiyo inaigawa. Fundi, una kompyuta ya biti 64, ihakiki leo: kokotoa 2^2147483647 kwa kuzidisha kila jibu kwa lenyewe na kwa 2, ukichukua tu baki ya kugawa kwa kigawo hicho kila hatua; mwishoni ikibaki 1, basi kinaigawa, usijaribu kuiandika namba nzima, ina tarakimu zaidi ya milioni 640.

fundi_wa_mtwara: Imetoka baki 1, mwalimu. Haikuchukua hata sekunde.