Uzito wa mwanajeshi na shinikizo la damu

Swali: Mama Lanet, Nakuru
Hamjambo ndugu zangu. Mume wangu ni mwanajeshi. Alipopimwa afya majuzi presha ilikuwa 146 kwa 94, akashauriwa apunguze uzito. Ana kilo 92 na urefu wa sentimita 174, lakini hukimbia kila alfajiri, na hushikilia kwamba kilo hizo ni misuli. Je, misuli inaweza kumpandisha mtu presha?

Jibu: Muuguzi, Kisumu
Dada, kwa urefu huo, kilo 92 zinampa uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) wa takriban 30, kiwango ambacho unene huanza kuhesabiwa kuwa ugonjwa. Hata hivyo hesabu hiyo haitenganishi misuli na mafuta, kwa hiyo kwa askari mimi huuamini zaidi utepe wa fundi cherehani kuliko mizani. Mzungushie kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi na bila kubana tumbo. Kwa mwanamume, hatari huanza kuongezeka kwenye sentimita 94, na kuanzia 102 huwa kubwa zaidi. Mafuta ya tumboni hubana figo, hufanya mwili uzuie chumvi na maji, na huchochea neva zinazokaza mishipa ya damu.

Jibu: Mstaafu, Gilgil
Binti yangu, hakikisheni pia kwamba kipimo kilikuwa sahihi, kwa sababu mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Apumzike dakika 5 akiwa ameegemea kiti, asikunje nne, na nusu saa kabla ya hapo asivute sigara wala kunywa kahawa. Wengi wetu tulinenepa tulipohamishiwa kazi za ofisini huku tukiendelea kula kama makuruta.

Mama Lanet
Asanteni sana. Kiuno ni sentimita 103, na usiku anakoroma mno.

Muuguzi, Kisumu
Basi mafuta yapo, dada, hata kama misuli ipo. Hilo la kukoroma amweleze daktari, kwani pumzi inayokatika usingizini nayo hupandisha presha. Kila kilo anayopunguza huweza kushusha presha kwa takriban alama moja, na chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na supu. Apimwe tena siku nyingine, na ikijirudia 140 kwa 90 au zaidi, asiikatae dawa kwa sababu tu anakimbia.